Unakaa Wapi, Baba?

Karasha la kusagia mawe likianza kukata mikanda, fundi wa kawaida hununua mkanda mpya. Mimi huuacha mkanda nikaenda kuangalia msingi wa zege. Mara nyingi nakuta umezama upande mmoja, shafti imelala kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, na kelele zote zinatokea mahali pasipo na kosa. Kwa jambo hili najulikana kuanzia Runzewe hadi Mwakitolyo. Wachimbaji wananiita Injinia. Cheti changu ni cha stashahada, lakini sijaona sababu ya kuwasumbua na tofauti hiyo.

Nayasema haya ili ieleweke jinsi nilivyoudhika mguu wangu wa kulia uliponishinda.

Niliondoka kwetu kijana mwenye begi moja, nikapita Zambia, nikafika Botswana, nikaendesha kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kwenye mgodi mkubwa mchana na kusoma jioni. Nilirudi na stashahada ya ufundi mitambo, vifaa vya kujaza lori, na akili ya kutosha kujenga nyumba ya vigae vyekundu Runzewe wakati majirani bado wanabishana kuhusu bati. Kisha nikafunga makarasha yangu Mwakitolyo, ya kusaga mawe ya dhahabu, na huko ndiko ninakoshinda kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mtu wa namna hiyo hategemei kuangushwa na tako lake mwenyewe.

Maana maumivu yalianzia hapo, kwenye tako la kulia. Yakashuka nyuma ya paja, yakapita kwenye shavu la mguu, yakaishia kidole kidogo, kama mtu anayepitisha waya wa umeme wenye moto. Nikipiga chafya nilikuwa nashika ukuta.

Ningeyavumilia kimyakimya, ila binti yangu alikuwa amechumbiwa na kijana wa Chato. Siku walipoleta mahari, mazungumzo yalikwenda vizuri, nikanogewa. Nikawaambia wageni kwamba siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, nitaingia ukumbini na binti yangu nikicheza, kutoka mlangoni hadi meza kuu, na sitaacha mpaka upande wa Chato wote uombe maji. Nikasimama niwasindikize. Mguu ukakataa. Nikabaki nimekumbatia fremu ya mlango mbele ya wakwe.

Mshenga wao ni mfanyabiashara wa samaki, mtu wa tumbo kubwa na ulimi laini. Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuiomba. "Baba mkwe, usihangaike. Sisi watu wa Chato ni waungwana. Siku hiyo tutakuja na kiti chako."

Walicheka wote, na mke wangu akiwemo. Nami nilicheka, meno tu.

Jioni binti yangu alikuja kunisugua dawa mguuni. Akaniambia polepole kwamba ukumbini ataingia na mimi kwa vyovyote. "Ukishindwa kucheza, baba, tutatembea tu. Hakuna atakayeona." Hilo liliniuma kuliko la mshenga. Mtoto wangu alikuwa ameshaanza kunipangia uzee.

Basi nikaanza matibabu, na nilianza kama fundi wa kawaida: nilishughulikia mguu. Nilisugua dawa za kila rangi. Nilivua buti nikavaa viatu laini kama vya mwalimu mstaafu. Mgodini waliniambia ni figo, kwa sababu kwetu mgongo ukiuma mtu wa kwanza kushtakiwa ni figo, nikanywa maji mpaka nikawa sikai mbali na choo. Mke wangu alishikilia kwamba ni baridi ya Botswana, imechelewa njiani.

Mwishowe nilikwenda Mwanza kupigwa picha. Daktari alinionyesha pingili za kiuno changu kwenye kioo cha kompyuta, akasema diski iliyo kati ya pingili za chini imetokeza kidogo na inabana mzizi wa neva kubwa inayoshuka mguuni. Mguu wenyewe ulikuwa mzima. Nilifurahi hata nikampa mkono.

"Kwa hiyo mguu ni mkanda tu," nikamwambia.

Hakunielewa, lakini alikuwa mtu makini. Aliniuliza kama mkojo unatoka vizuri, kama nina ganzi sehemu za siri, kama mguu umepoteza nguvu kabisa. Akasema lolote kati ya hayo likitokea nikimbie hospitali bila kusubiri kukuche. Nilikuwa sina hata moja. Akaniandikia vidonge, akasema wengi wa aina yangu hupona bila kupasuliwa.

Vidonge vilinisaidia, lakini kwa mtindo wa ajabu. Jumapili nikiwa nyumbani Runzewe nilikuwa mzima, nikapanda hata ngazi kusafisha tangi la maji. Nikirudi Mwakitolyo, kufika Jumatano waya umewaka tena. Mke wangu alihesabu hizo safari akatoa hukumu: kuna mtu mgodini amenitegea kitu kwenye njia ninayopita kwenda kwenye makarasha. Nilimweleza kwamba mtu wa stashahada haamini mambo hayo. Ila niliacha kupita njia ile, nikawa nazunguka nyuma ya magenge ya mama lishe, kwa sababu kule kuna kivuli.

Daktari alikuwa ameniandikia pia niende Kahama, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nilimkuta ni binti wa rika la mwanangu, Msukuma mwenzetu, Kiswahili chake kimejaa Usukuma hadi pembeni. Aliniamkia vizuri, akanilaza, akaninyanyua mguu ulionyooka mpaka nikauma meno, akaniuliza mambo mengi. Kisha akasema, "Unakaa wapi, baba?"

Hilo swali nalipenda. Nikamweleza: Runzewe, ukitoka stendi unaulizia tu nyumba ya vigae vyekundu, geti jeusi lenye simba wawili niliowachomelea mwenyewe, vyumba vikubwa, vyoo ndani, kisima chetu wenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakuandika kitu.

"Hongera kwa nyumba," akasema. "Mimi nauliza kukaa kwenyewe. Ukiwa kazini, makalio unayaweka wapi?"

Tangu niugue hakuna aliyekuwa ameyauliza makalio yangu. Nikamjibu kwa fahari zaidi, kwa sababu kiti changu nakipenda kuliko hata simba wa getini. Ni kiti cha kile kijiko nilichoendesha Botswana. Mtambo ulipofanywa skrepa niliomba kiti, nikapewa, nikavuka nacho mipaka. Pale Mwakitolyo nimekifunga juu ya stendi ndefu ya chuma, nikikaa naona makarasha mbele na mwalo wa kuoshea dhahabu kwa kulia. Hakuna mwingine anayekikalia.

"Unakaa humo muda gani?"

"Asubuhi hadi jioni. Bosi akishuka, kazi inalala."

Aliguna. Akanifundisha kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa mikono, akaniambia nitembee, nisikae muda mrefu. Kisha akasema hawezi kusema kiti ndicho kila kitu. Kuna umri, kuna mitetemo ya kijiko miaka yote ile, kuna vyuma ninavyonyanyua kwa kuinama. "Lakini kakiangalie, baba. Mgongo wako naufikia hapa kitandani. Kiti chako sikifikii."

Nilifika Mwakitolyo nikaenda moja kwa moja kwenye kiti na pima maji mkononi, kile kipimo cha usawa. Hilo hakunituma mtu, ni ufundi wangu. Nikatandika ubao juu ya kiti, pima maji juu ya ubao, nikapanda nikakaa, nikamwita mwendesha karasha wangu asome. Povu la hewa ndani yake lilikuwa limekimbilia kushoto kabisa.

Alilitazama, akanitazama mimi, akakaza uso. "Injinia," akasema, "msingi umezama."

Karasha lilizimwa ili watu wacheke vizuri.

Tulipasua ngozi ya kiti. Springi za upande wa kulia zilikuwa zimekatika, sponji limesagika kuwa unga. Stendi niliyoichomelea mwenyewe ilikuwa sawasawa kabisa, hilo naomba lisisahaulike. Lakini juu yake nilikuwa nimekaa miaka yote hiyo kwa tako moja, kiuno nimekipinda kuelekea mwalo, nikilinda dhahabu kwa neva yangu. Nyumbani Jumapili nilikuwa nakaa sofani kama binadamu. Njia aliyoishuku mke wangu haikuwa na kitu, nikarudi kuipita.

Kiti nilikishusha. Siku hizi nasimamia kazi kwa kutembea, nikichoka nakaa kidogo kwenye benchi la mbao, nanyanyuka. Kazi haikulala. Mazoezi nayafanya kila asubuhi kwenye mkeka, na wachimbaji wawili wenye migongo yao wameomba niwaelekeze. Nimewaambia kwanza wanionyeshe wanapokaa.

Sendofu ilifanyika Kahama. Muziki ulipopigwa binti yangu alinishika mkono, akaninong'oneza kama tutembee. Nilianza na mguu wa kulia, makusudi, nikaushusha sakafuni kwa kishindo, naye akacheka akanifuata. Tulifika meza kuu, tukageuka, tukarudi mlangoni, tukaanza upya. Nilihisi waya kidogo, wa mbali, kama redio ya jirani.

Ndipo mshenga akaingia. Alikuwa hatanii: walikuwa wamekuja na kiti kutoka Chato, cha plastiki, chekundu, kimefungwa utepe mweupe. Alikibeba kichwani hadi katikati ya ukumbi, akaomba kipaza sauti.

"Baba mkwe, kiti chako hiki. Sasa tuambie, unakaa wapi?"

Nikakichukua kipaza sauti bila kuacha kucheza. "Nakaa Runzewe," nikasema, "nyumba ya vigae vyekundu. Hapa nimekuja kucheza."

Upande wetu ulipiga vigelegele, binti yangu akanivuta tena kuelekea mlangoni. Mshenga alijaribu kutufuata, tumbo likamtangulia, jasho likamshinda. Tulipogeuka nilimwona amekaa kwenye kiti changu na utepe wake, anaomba maji.