Pampu Tuliyokatazwa Kuigusa

Jumatano moja ya Mei 1978, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza mke wangu kwa kipindupindu. Alianza kuugua magharibi ya jana yake. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka kumi na mmoja.

Kijiji chetu kilikuwa njia ya Makurunge, kijiji kipya, sote tumehamishiwa pale kutoka mashambani. Tulichimbiwa kisima, kikafunikwa kwa zege, na juu yake ikafungwa pampu ya mkono. Mke wangu alizoea tangu utotoni kufuata maji kwenye dimbwi la bondeni. Siku ya kwanza alipiga pampu mpaka ndoo ikafurika, naye akaendelea kupiga. Wenzake wakamsukuma pembeni. "Shoga, umeolewa na pampu? Tupishe!"

Ilitoa maji miaka miwili. Kisha mkono ukawa unapanda na kushuka mtupu. Mwenyekiti wa kijiji alikwenda mjini kutoa taarifa, akarudi na jibu kwamba fundi ni mmoja kwa wilaya nzima na gari halina petroli. Akatuonya. "Ile ni mali ya umma. Atakayeigusa ikaharibika, atajibu yeye."

Basi tukangoja. Kiangazi kikapita, na vuli ikapita. Kazi yangu ilikuwa kushona makubadhi ya ngozi, nikiyauza mjini, Dunda, na nikiwa barazani kwangu niliiona pampu ile kutwa. Mke wangu akitoka bondeni na ndoo kichwani alikuwa akipunguza mwendo kusudi.

"Mume wangu, hajambo rafiki yako?"

"Rafiki gani?"

"Huyo wa chuma. Kutwa mnatazamana, hata salamu hampeani."

Masika ilipoanza, njia ya bondeni ikawa tope tupu. Akateleza na ndoo, akaumia nyonga. Jioni ile hakutania. Alisema, "Maji yapo pale, chini ya zege. Mnangoja nini?"

Nikawaita wanaume watatu. Pampu hatukuigusa, kwa kuwa tulikatazwa. Tulivunja zege pembeni yake. Mtaimbo niliushika mimi. Tukapata tundu la kupitisha ndoo, na wanawake wakapiga vigelegele.

Vyoo vyetu vilikuwa upande wa juu wa kisima. Bwana afya alikuwa ameamuru kila nyumba ichimbe choo, akaja kuvihesabu, akaondoka. Hakusema vichimbwe wapi. Mvua ikinyesha uchafu utaelekea wapi, hakuna aliyeuliza, na mimi sikuuliza. Mchanga wa kwetu haushiki kitu. Mvua ilinyesha wiki nzima, vyoo vikafurika, vikateremkia kwenye tundu letu. Tuliendelea kuchota. Maji yalikuwa na rangi kidogo, lakini masika maji yote huwa na rangi.

Alikufa bibi mmoja jirani, kisha mke wangu. Waliomwosha walitumia maji ya kisima kile kile, yaliyotiwa dawa na watu wa afya waliofika asubuhi hiyo kwa gari. Gari la kuleta dawa lilipata petroli. Niliwaza hivyo nikiwa nimekaa matangani, na mpaka leo wazo hilo halijanitoka.

Fundi alikuja baada ya arobaini. Aliifungua pampu kwa spana mbili, kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Akatoa kitu kama kikombe kidogo, cheusi, kimechanika, akanitia mkononi kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu.

"Hiki tu, ndugu, ndicho kinachovuta maji. Kimekwisha."

Vidole vyangu vilikitambua. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe.

"Hiki ningekikata mimi," nikasema. "Ngozi ninayo nyumbani."

"Sasa mbona hukukata?"

"Tulikatazwa kuigusa pampu."

"Na zege je, mliruhusiwa kulivunja?"

Watu wawili watatu wakacheka. Mwenyekiti alitazama chini. Waliotupa pampu bila kumfundisha hata mtu mmoja kijijini kuifungua, bila kipande cha ngozi cha akiba, nimewalaumu miaka yote hii na sitaacha. Kutengeneza kisima kisha kukiacha hivyo ni kazi nusu, na kuamuru vyoo bila kutazama mteremko ni kazi nusu. Lakini mtaimbo niliushika mimi.

Tukamwomba afunge ngozi mpya. Akasema pampu haifungwi juu ya kisima kisicho na mfuniko, na saruji hakuwa nayo. Kulikuwa na kijiji upande wa Miono kinachongoja pampu. Akauliza saruji italetwa lini, kana kwamba sisi ndio tulioijua siku. Kisha akavuta mabomba juu, moja baada ya jingine, akayapakia pamoja na pampu.

Gari likanasa mchangani. Mwenyekiti akatuita tusukume. Nilisukuma na wenzangu mpaka likafika barabarani, likaondoka na pampu yetu.