Shofere Aliyeshindwa Kukaa

"Kutoka Bukavu mpaka Uvira," Papa Anaclet alitangaza, "matako yangu na kiti ya kamio ni bwana na bibi wa ndoa ya kanisa. Hatuachani mpaka kifo!"

Aliyasema hayo Jumapili moja ya mwaka wa sabini na sita, katika buvette moja, baa ya mtaa wa Kadutu, amepanda juu ya kreti ya bia ili hata waliokuwa wakikojoa nyuma ya ukuta wasikose neno. Watu walicheka, wakapiga meza, lakini hakuna aliyebisha, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mashofere wenzake walisimama Nyangezi kununua ndizi, Kamanyola kunyoosha miguu, Sange kutafuta kivuli na mambo mengine ambayo wake zao hawakuulizwa. Yeye alipita tu na lori lake, chupa ya chai mapajani, akiteremka kona za mlima Ngomo kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba yake. Miaka kumi na tisa hivyo. Hata choo alikiambia kisubiri.

Na choo si mtu wa kuambiwa asubiri kila siku. Kilisubiri, kikakauka, kikawa jiwe, na siku kilipotoka kilitoka na ngozi.

Kidonda chenyewe, ungeonyeshwa, ungecheka: mpasuko usiozidi punje ya mchele, pale pale mlangoni. Lakini kila asubuhi Papa Anaclet alitoka msalani kijasho kikimtiririka kana kwamba amemeza chupa na leo imetoka vipande vipande. Damu kidogo kwenye karatasi, kisha moto uliokaa naye saa tatu, saa nne. Alianza kuendesha kwa tako moja. Kona za kushoto alilalia la kulia, kona za kulia alilalia la kushoto, na abiria waliopanda juu ya mizigo wakasema shofere huyu siku hizi anacheza rumba.

Miezi minane hakumwambia mtu. Ungemwambia nani? Mwanaume aliyepanda juu ya kreti akajisifu matako, atashuka vipi kusema ni hayo hayo yanamuua? Mkewe Emérence alipomuuliza mbona sura imekuwa ya Ijumaa Kuu kila siku, alijibu neno moja: "Tumbo."

Lilikuwa kosa kubwa. Katika Bukavu nzima, tumbo lina dawa moja kabla ya zote: poire, ule mpira wa mviringo wenye mdomo mrefu, unaojazwa maji ya uvuguvugu, tangawizi, na pilipili iliyosagwa vizuri, kisha mgonjwa hugeuzwa akaelekea ukuta, akamiminiwa kwa nyuma. Emérence alikuwa mke mwenye upendo. Aliongeza pilipili.

Kwa kelele iliyopigwa siku ile, mtaa wote ulijua Papa Anaclet amevamiwa na shetani, ila hawakujua ameingilia wapi.

Hata baada ya hapo hakusema. Angeendelea kunyamaza mpaka leo, lakini mwezi wa sita wa mwaka uliofuata wakwe walikuja kutoka Walungu.

Binti yake wa kwanza, Noëlla, alikuwa ameposwa na mwalimu mmoja wa huko, kijana mpole aliyemwandikia barua zenye mistari iliyonyooka. Ng'ombe walikuwa wamekubaliwa. Kilichobaki ni baba kuwapokea. Na kwa upande wa kina Anaclet, baba hupokea akiwa amekaa. Huwekewa ntebe, kile kiti kifupi cha mti kisicho na mgongo, huletewa kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, naye hunywa hapo hapo alipokaa, akimsikiliza msemaji wa wakwe mpaka mwisho. Baba akisimama kabla ya mwisho, hahitaji kusema neno. Amekataa. Amewafukuza.

Papa Anaclet aliamka mapema, akaenda msalani, akajuta. Akavaa abacost yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai, akakaa. Msemaji wa wakwe alikuwa muzee Philémon, baba mdogo wa bwana harusi, mtu wa ulimi mrefu na heshima ndefu zaidi. Alikunja koti lake, akaliweka juu ya kiti, akakaa juu yake, akaanza na babu wa kwanza aliyelima Walungu. Alipofika kwa babu wa tatu, macho ya Papa Anaclet yalikuwa yamejaa machozi. Wakwe walidhani ni uchungu wa kumtoa binti. Alipofika kwa babu wa nne, Papa Anaclet aliruka akasimama wima, mikono imeshika matako, kibuyu kikamwagika.

Kuku tu ndio walioendelea na mazungumzo.

"Mukwe, umesimama?" muzee Philémon aliuliza polepole.

"Mugongo," Emérence aliwahi. "Papa iko na mugongo."

"Mugongo? Mama, mimi nilikuwa Kadutu ile siku. Mutu mwenye anasema yee na kiti haiachanake, leo kiti ya bakwe njo inamuchoma?"

"Muzee, si vile," alisema Papa Anaclet.

"Basi kaa."

Alitazama ile ntebe. Akaitazama kama unavyotazama mbwa aliyekwisha kukuuma. Hakukaa.

Muzee Philémon alichukua koti lake, akalikung'uta bila haraka. "Tutarudia mwisho wa mwezi ya munane. Mara moja tu. Tukikuta umesimama, mutoto wetu atajua kama huku hatutakiwe."

Usiku Noëlla hakula. Hakumlaumu baba yake, na hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko kidonda. Asubuhi Papa Anaclet alimwita mkewe nyuma ya jiko na kumwambia yote, akitazama mti wa parachichi, si uso wake. Emérence alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika kichwa.

"Yesu! Na mimi nikatia pilipili!"

"Ulitia mingi."

"Anaclet, miezi munane unafichia mimi matako? Mimi mwenye ninayafulia suruali?"

Wakacheka wote wawili, yeye kwa uangalifu, maana hata kicheko kilikuwa na njia yake ya kuteremka. Kesho yake mkewe alimpeleka hospitali ya misioni, wakitembea kwa miguu, kwani kukaa ndani ya taksi kungekuwa adhabu nyingine.

Kwenye karatasi waliandika citoyen Kashosi, yaani raia na jina lake la ukoo, sababu miaka ile majina ya ubatizo hayakuruhusiwa ofisini. Muuguzi, maman Georgette, mwanamke mpana mwenye mikono ya kukanda mikate, alimwambia: "Citoyen, teremusha suruali, geukia ukuta."

"Hakuna mwanaume wa kufanya hii kazi?"

"Iko. Lakini yee iko na vidole vinene."

Papa Anaclet aligeukia ukuta.

Munganga, yaani daktari, alikuwa kijana mwenye sauti ya padri. Hakuingiza kitu, alitenganisha tu kidogo, akaangalia, akasema inatosha. Alipojua mgonjwa ni shofere, alivuta kiti karibu naye, akakaa, mgonjwa akabaki amesimama.

"Papa, freni ikikwama kwenye gurudumu, inakuwa nini?"

"Gurudumu inapata moto. Inaungua."

"Njo hii. Pale mulangoni kuko nyama inazunguka kama pete, njo inafungaka. Kidonda kinauma, nyama inakaza. Ikikaza, damu haifike, kidonda hakiponi. Kisipopona, kinauma tena. Miezi munane freni yako imekwama. Nitakata hiyo nyama kidogo, pembeni, ilegee. Kidonda kitapona chenyewe."

Papa Anaclet alifikiri kama mtu wa kazi yake. "Munganga. Ukilegeza sana freni, siku ya kuteremuka Ngomo itakuwa namna gani?"

Maman Georgette alijificha nyuma ya kabati akicheka. Munganga hakucheka. "Swali nzuri. Njo maana nakata kidogo tu. Siku za kwanza upepo unaweza kukuponyoka bila kuomba ruhusa. Kwa batu wengi inaisha."

"Mbele ya bakwe?"

"Tuombe Mungu."

Walimpasua mwanzoni mwa mwezi wa saba. Walimchoma sindano mgongoni, miguu ikamwacha, na kabla hajamaliza Salamu Maria ya sita maman Georgette alimwambia: "Tumemaliza." Aliona haya. Miezi minane ya jehanamu kwa kazi isiyofika hata robo saa.

Lakini kukatwa ni kazi ya munganga. Kupona ni kazi ya mwenyewe. Aliambiwa: maji ya kunywa mengi, maharage, mboga za lengalenga, papai kila siku, asisukume, choo kikiita, aitike. Na mara tatu kwa siku akae ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Pilipili, Emérence aliambiwa akitazamwa machoni, ibaki kwenye sahani za wengine.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa ya hofu. Aliingia msalani kama anayeenda kusomewa hukumu. Emérence alisimama nje na rozari, Noëlla na ndoo ya maji. Salamu Maria kumi zilipita. Kisha mlango ukafunguka, na Papa Anaclet akatoka, amepauka, macho makubwa.

"Papa?" Noëlla aliuliza.

"Nimepita Ngomo," alisema, akakumbatia nguzo ya nyumba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Maumivu hayakukimbia siku ile, lakini yalikuwa maumivu mengine, ya kidonda kinachofunga. Kamio iliachiwa shofere mwingine, aliyesimama Nyangezi, Kamanyola na Sange, na mali ilifika vilevile. Habari hiyo ilimkera mgonjwa kuliko sindano. Nyuma ya jiko walitundika kitenge. Huku Papa Anaclet amekaa kwenye beseni la bluu, kule Noëlla akichochea moto na kuongeza maji. Katika miaka kumi na tisa ya barabara hawakuwa wamewahi kuongea hivyo. Alijua sasa kwamba mwalimu huyo anaogopa radi, kwamba anaandika barua zake mara mbili ili zisiwe na makosa.

"Papa," Noëlla alisema siku moja kupitia kitenge, "kama siku ile itauma, usimame tu. Mimi sitakasirika."

Maji yalitikisika kidogo upande wa pili.

"Nyamaza wewe. Leta maji ya moto."

Mwisho wa mwezi wa nane wakwe walirudi. Papa Anaclet alikaa kwenye ntebe hata kabla hawajavuka mlango, bila mto, bila kitambaa, kibuyu mkononi. Muzee Philémon alianza tena na babu wa kwanza, safari hii akisema amesimama. Babu wa tatu alipita. Wa nne alipita. Noëlla, nyuma ya pazia, aliwahesabu kwa vidole. Wa tano, wa sita. Papa Anaclet alikunywa, akafuta mdomo, akasema: "Endelea, muzee. Niko nasikia."

Ng'ombe walipokelewa. Wanawake walipiga vigelegele. Mkatekista aliinua mikono, watu wote wakasimama kwa sala, isipokuwa mmoja.

"Papa Anaclet," Emérence alinong'ona, "ni sala."

"Muombe. Mimi Mungu ananijua."

Sala ilipokwisha alikuwa amekaa hivyo bado, mbingu yake yote ikiwa ubao wa mti, alipomwona muzee Philémon akienda kwenye kiti chake. Alikunja koti, akaliweka, akashuka polepole, tako la kushoto tu, meno yamebana. Papa Anaclet aliujua mkao ule. Aliwahi kuuendesha kutoka Bukavu mpaka Uvira.

Alinyanyuka, kwa hiari yake, akaenda kuchuchumaa karibu naye. "Muzee. Tangu lini?"

Muzee Philémon alitazama kulia na kushoto. "Noeli."

"Bamekutia poire?"

"Mara mbili."

"Na pilipili?"

Muzee alifumba macho.

Papa Anaclet alimwambia hospitali ipi, siku zipi munganga anapokea, na kwamba maman Georgette asiogopwe. Alimweleza habari ya freni, papai, maji na chumvi. Msemaji wa Walungu alisikiliza bila kumkatiza, kama mtoto wa katekisimu.

"Na ile beseni," aliuliza mwishoni, "inapatikanaka wapi?"

"Soko ya Kadutu. Bei ni zaïre mbili na makuta makumi tano."