Kadi ya Likizo Isiyo na Bluu

Shangazi yangu ni mbishi, na simsengenyi. Hata yeye anajua. Miaka kumi na minane aliosha rola za mashine kwenye kiwanda chetu kidogo cha uchapaji, na kucha zake hazikuwahi kutakata. Mchoraji alipoacha kazi ghafla, bosi alimwambia ashike kompyuta kwa muda tu. Huo muda sasa ni mwaka wa pili. Mimi nakaa hapo hapo mapokezi, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Tulitakiwa kutoa postikadi za likizo. Bosi akataka bluu: mbingu bluu, bahari bluu, maandishi meupe. Shangazi akamjibu kwamba kadi za bluu zimejaa madukani mpaka zinachosha macho. Yeye akachora mtaa ulio nyuma ya kiwanda, mabati yenye kutu na shuka zilizoanikwa, kisha akahangaika na rangi siku tatu nzima. Zambarau na manjano, akasema zinagombana. Kijivu na waridi, kadi ikapoa kama uji wa jana. Mwishowe akatulia kwenye rangi ya kutu, kijani cha mlango wa jirani, na manjano kidogo sana pembeni. Jamani, ilipendeza! Nilitamani niwe na mtu wa mbali wa kumtumia.

Bosi aliitazama ofisini kwake, chini ya taa ya tyubu, akasema ni matope matupu. Abadilishe, la sivyo arudi kwenye rola, kazi anayoiweza. Alisema hayo mbele yetu sote. Nikaona aibu mimi, yeye wala.

Sasa, mchapaji yeyote anajua kwamba rangi haihukumiwi chini ya taa, inatolewa nje. Lakini bosi wetu alirithi kiwanda, hakurithi kazi. Shangazi akatoka na kadi yake, akasimama juani mlangoni, akamsubiri. Robo saa nzima. Wateja wakaanza kuuliza kuna nini. Hatimaye bosi akatoka shingo upande, akaishika kadi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Nilimwona kabisa kwamba ameipenda, ila alikuwa ameshasema, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Zikidoda je?" akauliza.

"Andika jina langu nyuma ya kila kadi, watu wajue wa kumlaumu."

"Hatujawahi kuandika jina la mchoraji."

"Basi utaanza na mimi."

Zikachapwa elfu mbili. Shangazi amewachapia watu majina yao kwenye kadi za harusi na matangazo ya misiba, lake halikuwahi kupita kwenye mashine ile. Akachukua kadi ya kwanza wino ukiwa mbichi, akaigeuza, akalisoma jina taratibu. Nikamuuliza kama kweli haogopi zikidoda.

"Zidode," akasema. "Zitadoda zikiwa zangu."