Siku Kakakuona Alipopita Nyuma ya Choo Changu

Nimechoka kuisikia habari hii ikisimuliwa na watu wengine, kila mtu na chumvi yake, mpaka juzi nimeikuta kijiji cha jirani, Lionja, na mle ndani nimeshakuwa mwizi wa lori zima la mbao, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe na aibu yake niibebe mwenyewe. Zilikuwa mbao mbili. Hakukuwa na lori.

Nilikuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu, huku Kilimarondo. Kazi yenyewe haina mshahara, ina maneno tu: msikate miti ya mkongo, msitege nyaya, msichome pori, na ukikutana na mnyama usimguse, mpigie simu afisa wanyamapori. Nilisema hivyo kwenye mikutano mpaka sauti ikawa inakauka (na watu wanatikisa vichwa kukubali, halafu jioni unasikia msumeno korongoni).

Asubuhi hiyo akaja Maduhu, mmoja wa wafugaji waliohamia kwetu kutoka upande wa ziwa, kabeba kitu ndani ya shuka. Niseme ukweli, sikuwa nampenda. Ng'ombe wake walikuwa wamekula ufuta wa watu, na maneno ya kuwafukuza wafugaji wote yalikuwa yamepamba moto, vijana wananoa mapanga bila hata kujificha. Akaniamkia, akafungua shuka, ndani yumo kakakuona, amejikunja, magamba tupu.

"Mama, ng'ombe walimzunguka wakakataa kupita," akasema. "Najua umekataza kuwashika wanyama wa porini, lakini mbwa wangemuua. Nikaona nimlete kwako."

Nilimpigia afisa wanyamapori kule Nachingwea mjini, akasema anakuja na pikipiki ila njia ni mbaya, tumsubiri. Hapo nilitakiwa nimwingize mnyama ndani nifunge mlango, basi. Lakini jirani yangu, Mzee Chinguile, alikuwa ameshachungulia, na kwetu kakakuona akionekana haachwi aende zake bila kuulizwa mwaka utakuwaje: anawekewa maji, nafaka na panga, akiendea maji mvua ipo, akiendea nafaka chakula kipo, akiendea panga ni damu. Mzee akaniambia, "Katibu, nusu saa tu, watu wajue." Nilijua ni kosa. Nikasema haya, nusu saa.

Nusu saa ya kwetu mnaijua. Kufika saa nne uwanja wangu umejaa, wakulima upande wa mikorosho, wafugaji upande wa barabara, katikati beseni la maji, ungo wa mahindi na panga, na mnyama hajakunjuka. Nikaona nitoe somo (huo ndio ugonjwa wangu), kwamba hana meno, anakula sisimizi na mchwa tu, anazaa mtoto mmoja mmoja ndiyo maana wanaisha, na hakuna hata mmoja aliyenisikiliza, macho yote kwenye panga. Hapo ndipo woga uliponiingia, maana akiligusa lile panga, Maduhu na watoto wake watalala wapi leo? Nilikuwa nimewaweka watu wote pale kwa sababu tu nilishindwa kumwambia mzee hapana.

Jua lilipofika utosini akakunjuka. Akainuka kwa miguu ya nyuma, mikono kaikusanya kifuani kama mtu anayeomba radhi, akanusa. Akalipita beseni. Akaupita ungo. Akafika kwenye panga akasimama, halafu akalivuka, mkia ukiburuzika juu yake, akaendelea na safari. Akapita mlangoni kwangu, akazunguka nyumba, na sisi wote nyuma yake polepole kama tunasindikiza harusi, mpaka nyuma ya choo kwenye turubai langu bovu, akaanza kuchimba.

Hapo ndipo nilipokumbuka nilichokifunika pale. Turubai likaachia, chini yake mbao mbili za mkongo, mchwa wamezijaa, na mnyama akatoa ulimi akala kwa raha zake.

Nieleze. Kabla ya masika nilimkamata mpasua mbao mmoja wa hapa kijijini, Mohamedi Likwata, na mbao kumi, anazipeleka kwa mteja wake huko Ruangwa, nikazichukua kwa niaba ya kijiji zikawe madawati. Nane zilifika shuleni. Mbili nikasema acha nizitunze kwanza (mimi ni mjane, na mlango wa jiko langu ulikuwa umeoza), na mkutanoni nikasoma kwamba zote zimefika. Mlango wenyewe hata sikuutengeneza.

Likwata alikuwepo. Akainama, akapangusa udongo, ikatokea alama ya makaa anayoitia kwenye mbao zake. Hakupiga kelele, na bora angepiga.

"Mama katibu," akasema, "mimi nililala mahabusu kwa hizi."

Mzee Chinguile akajaribu kuniokoa, akatangaza kwamba mnyama hakulitaka panga kwa hiyo hakuna vita, na kwamba mwaka huu ni wa mchwa, kila mtu aangalie ghala lake. Watu wakacheka, wakulima na wafugaji pamoja, kitu ambacho mikutano yangu yote haikuwahi kukifanya, na mimi nikacheka nao huku machozi yananilenga.

Afisa alipofika akauliza katibu wa maliasili ni nani aje asaini makabidhiano. Watu wakatazama chini. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sikuinua mkono. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji akamsogeza Maduhu mbele, akasema, "Huyu hapa ndiye mlinzi wetu." Maduhu akasaini, akapanda nyuma ya pikipiki na mnyama mapajani, wakaenda kumrudisha porini.

Ukatibu niliuacha siku hiyohiyo, hakuna aliyeniomba nibaki. Kesho yake nikazibeba zile mbao kichwani mchana kweupe mpaka shuleni, mchwa wakinidondokea shingoni, na kila niliyepishana naye akanisalimia kwa heshima, jambo lililoniuma kuliko matusi. Mwalimu mkuu akaipokea moja, ikamvunjikia mkononi.

"Mama," akasema taratibu, "hizi hata kuni hazifai."

Tangu siku hiyo cha watu hakilali kwangu, hata kwa jina la kutunza.