Glavu Yenye Grisi

Fundi mpya wa umeme hana haraka, na hilo ndilo linalomkera msimamizi. Skrini mbili za kuendeshea mashine ziko mezani, achague moja; msimamizi keshaisifia ile kubwa, inayong'aa kama televisheni. Fundi huyo, mwanamke, hujifuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa chochote. Leo anaazima glavu ya mwendesha mashine, imelowa grisi, anaivaa, anabonyeza taratibu kama anayebisha hodi. Ile kubwa haisikii. Ile ndogo yenye vitufe inaitika papo hapo.

"Hiyo ndiyo yetu, dada!" mwendesha mashine anashangilia.

Roho inamuuma msimamizi. Miaka kumi na miwili hapa, kwao yeye ni "bosi" tu, hajawahi kuitwa ndugu. Wenzake wakitoka kula, anaivaa ile glavu. Bado ina joto. Anaibonyeza ile kubwa kwa kidole, kwa viwili, kisha kwa ngumi.