Watu wa Pande Hawakuomba Kazi

Shirika la umma nililokuwa nikifanyia kazi lilipouzwa kwa mtu ambaye hatukuwahi kumwona, nilipunguzwa, nikadhani ukarani wangu umekufa. Kumbe ulikuwa umebadili nguo tu. Tajiri mmoja alikuja kutoka Dar es Salaam, akakodi vyumba viwili Mtanda, hapa Lindi mjini, akabandika kibao cha wakala wa ajira, akanichukua. Kampuni zilikuwa zikimiminika kusini wakati ule wa soko huria. Ikitaka walinzi, wapishi au mafundi, kampuni inatuambia sisi, nasi tunawapeleka.

Tatizo letu lilikuwa makaratasi, na makaratasi yalizaliwa na adabu. Kwetu mtu haombi kazi mara moja akarudi nyumbani kunyoosha miguu. Akifanya hivyo ataonekana ana kiburi, au hana shida. Sharti arudi kukumbushia. Naye akirudi haji mikono mitupu. Anakuja na barua mpya ya mjumbe wa mtaa wake na anataka kujaza fomu upya. Kila fomu ina mwandiko wake na jina limeandikwa kivyake, maana kila safari ameandikiwa na mtu mwingine. Nikitafuta seremala mmoja napata watano, wote yeye.

Siku moja kampuni ilitaka walinzi kumi. Nikapeleka orodha ya majina kumi, wakatokea watu sita. Tajiri alinigombeza mbele ya hao hao sita.

"Tafuta programu ya kompyuta ya kuhifadhi waombaji," akasema. "Wewe ndiye karani, chagua unayotaka. Lakini sitaki kumwona mtu mara mbili tena."

Nilichagua kwa wiki tatu, na katika wiki hizo nilijiona mtu. Programu ya kwanza ilitengenezwa na mwalimu mmoja wa sekondari pale pale Lindi, mtu mpole, kola ya shati imechakaa. Kila fomu inayoingia ilipewa namba yake, na karani ndiye aliyetakiwa kuangalia kama mwombaji ni yule yule wa jana.

"Mashine haiwajui watu," mwalimu aliniambia. "Wewe unawajua."

Nilimwona mshamba. Ninunue mashine, kisha kazi nifanye mwenyewe?

Ya pili ililetwa na bwana mmoja wa Dar, ana tai na kompyuta ya kubeba mkononi. Nilimpa fomu tatu za mtu mmoja. Akaziingiza moja moja, na kila mpya ilipoingia ile ya zamani ilifutika, ikabaki moja. Nilicheka kwa furaha. Nikamwuliza inatambuaje.

"Kwa namba ya simu. Siku hizi kila mtu ana simu yake."

Nikaitikia kwa kichwa. Naandika haya na bado uso unanichoma. Mimi ni mtoto wa Pande, kule Kilwa. Nilijua fika kwamba kijiji kizima kilipokea simu kwa mwenye duka mmoja, kwa kuwa mtandao ulishika barazani kwake tu. Namba ile niliijua kwa kichwa. Ndiyo niliyoipiga kila Ijumaa kumjulia hali mama. Lakini mbele ya yule bwana sikutaka kuwa mtu wa Pande. Nilitaka kuwa mtu ambaye jamaa zake wote wana simu. Tukainunua programu yake, na mwalimu sikumpa hata jibu.

Mwezi uliofuata, kampuni moja ya kutafuta gesi ilianza kujenga kambi upande wa Kilwa, ikataka maseremala na wafanyakazi wengine. Kaka yangu alikuwa seremala. Baba alipofariki, ndiye aliyenilea. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye randa yake. Alisafiri kutwa nzima kuja Lindi, na nilipotoka mlangoni nilimkuta nyuma ya watu wote.

"Shikamoo, kaka. Pita ndani."

"Marahaba. Nitafika zamu yangu, mdogo wangu. Wenzangu nao wana ndugu, ila si hapa."

Zamu yake ilipofika nilimwandika kwa mkono wangu. Ujuzi: seremala. Penye simu nikaandika namba ya duka, haraka haraka, kama mtu anayeandika jina lake mwenyewe.

"Nije lini kukumbushia?"

"Usije. Siku hizi mashine inakumbuka."

Alicheka, akaniombea dua, akaondoka. Akaniamini. Alipoitwa Kilwa Masoko kutengeneza milango ya madrasa, alikataa. Alisema ana neno la mdogo wake. Shamba la ufuta akamwachia mtu alime, kwa kuwa hakutaka kuitwa kazini akakutwa na jembe. Nyuma yake wakaja wengine wa Pande, waashi, wapishi, walinzi, na kila mmoja akaleta namba ya duka. Aliyewaandika ni mimi. Nilikuwa na foleni mlangoni, na namba ile haikunishtua hata mara moja.

Kampuni ilipoomba orodha ya waombaji wa kila kijiji, nilikuwa msibani. Tajiri aliichapa mwenyewe, akafurahi kwamba mashine inafanya kazi bila karani. Niliporudi alinipa nakala niihifadhi. Nikasoma: Pande, mwombaji mmoja, mlinzi. Chini tajiri alikuwa ameongeza kwamba wenyeji hawakujitokeza.

Nilifungua programu nikamtazama huyo mlinzi na namba yake ya simu, ile ile ya duka. Nikaketi. Kila aliyeingia alikuwa amemfuta aliyemtangulia, na huyu alibaki kwa kuwa ndiye aliyekuja mwisho. Kaka yangu alidumu ndani ya mashine ile siku mbili.

Nilimweleza tajiri. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alifunga mlango.

"Maseremala wa Dar wameshafika kambini. Ukisema tumekosea, nani atatupa kazi tena? Una watoto, bwana."

Nilimchukia. Lakini kesho yake nilifika kazini saa moja na nusu kama kawaida.

Pande wakalalamika: kambi inajengwa mlangoni kwao, mafundi wanatoka mbali. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Akaenda ofisa wa kampuni, na tajiri akanituma mimi nikaiwakilishe ofisi. Nilikalishwa kiti cha mbele, nyuma ya meza yenye kitambaa. Ofisa akasoma karatasi yetu, kisha akaikunja.

"Watu wa Pande hawakuomba kazi," akasema. "Wa pwani mnapenda baraza. Tusilaumiane."

Watu wakaguna. Kaka akasimama. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi.

"Mimi niliomba. Nilikwenda Lindi mimi mwenyewe. Aliyeniandika ni huyo hapo, mdogo wangu, tumbo moja. Muulizeni."

Ofisa akanigeukia. "Ni kweli?"

Nilikuwa na maneno yote. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima: namba, duka, kosa, mimi. Mama alikuwa upande wa wanawake.

"Nimeangalia kwenye kompyuta," nikasema. "Jina lake halimo."

Kaka alinitazama. Nilimwona akielewa, si habari za mashine, habari zangu. Watu walianza kunong'ona, mmoja akaniita mwongo. Kaka akainua mkono kumnyamazisha.

"Mwacheni," akasema. "Itakuwa nimesahau mimi. Labda sikwenda."

Akaketi.