Rangi Iliyohamia Juu

Mama Chupa, kama wanafunzi walivyomwita, alikuwa ametunza maabara ya chuo kwa miaka ishirini na miwili, na kosa hili lilikuwa lake mwenyewe. Gundi ilipoisha alibandika lebo kwa uji wa unga. Mende wakaona wameandaliwa karamu. Alipofungua stoo baada ya likizo, chupa mbili zilikuwa uchi, kila moja na kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu ya kukaribiana na petroli.

Moja ilikuwa saikloheksini: kaboni sita zilizoshikana duara, na mahali pamoja kaboni mbili zimeshikana kwa kifungo maradufu. Nyingine, saikloheksani, ina duara kama hilo, ila vifungo vyake vyote ni vya kawaida. Zinachemka kwenye joto linalokaribiana mno, hivyo kipimajoto kisingemfaa kitu. Asipozitambua, mtihani wa vitendo wa kesho ungefutwa, na kila mtu angejua kwa sababu ya nani.

Alitia maji ya bromini, yenye rangi ya chungwa inayofutwa na saikloheksini, katika mirija miwili. Akaongeza matone kadhaa kutoka kila chupa, akatikisa. Mwalimu mpya wa kemia akainama kutazama.

"Maji yamekuwa meupe kotekote. Zote ni saikloheksini, mama. Tumekwisha. Namwaga."

"Hebu tulia, mwalimu. Macho yako yameishia chini."

"Chini si ndiko kwenye maji?"

"Na ghorofani anaishi nani?"

Mwalimu akainua mirija dirishani. Vimiminika vile ni vyepesi kuliko maji, kwa hiyo vilikuwa vimeelea. Kushoto, tabaka la juu liliwaka rangi ya chungwa. Kulia, juu na chini kulikuwa kweupe pe.

"Kushoto bromini imehama tu, imeyeyukia kwenye saikloheksani," alisema Mama Chupa. "Kulia imenaswa. Kifungo maradufu kimefunguka, kila kaboni ya pale ikadaka bromini yake. Hiyo ndiyo saikloheksini."

"Na digrii yangu yote hii!"

"Digrii haina kosa. Shingo ndiyo nzito."

Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Kisha akachukua karatasi ya mtihani, akafuta "Eleza rangi ya maji", akaandika "Eleza rangi ya kila tabaka".

Mama Chupa akaanza kupanga mirija ya kesho, arobaini kwa hesabu, akiimba chinichini.